Zipora Aliyejipeleka Mwenyewe

Zipora Maige alikuwa mwanamke wa kwanza kumiliki duara kwenye kile kilima cha wachimbaji wadogo upande wa Bugarama, na wala hakuona haya kulisema. Duara ndilo shimo lenyewe, lile ambalo wanaume hushuka kwa kamba, tochi kichwani, kwenda kutafuta mawe yenye dhahabu. Hakulirithi kwa mume wala hakupewa na mkubwa yeyote. Alianza na sufuria ya uji pembeni mwa mashimo ya wengine. Akahamia kuponda mawe kwa nyundo, viganja vikaota sugu ngumu kama kwato. Akaingia ubia, ubia ukavunjika, akaanza upya. Alipofika umri ambao wenzake walikuwa wanakaa nyumbani wakilea wajukuu, yeye alikuwa na leseni yenye jina lake, na akisema neno watu wananyamaza kumsikiliza.

Wachimbaji walimwita Shangazi. Jina hilo lilianza na Wilbard, mtoto wa mdogo wake, ambaye Zipora alikuwa shangazi yake wa damu, wengine wakalidaka. Baba yake Wilbard alifariki mtoto akiwa bado ananyonya, na Zipora akashirikiana na mama mtu, Justa, kumlea. Wilbard akakulia kwenye vumbi la kilima, akawa mtu mzima, mchimbaji hodari, mcheshi, anayeimba hata akiwa chini kabisa, sauti ikapanda juu kama inatoka kwenye mtungi.

Kitu kimoja Zipora alijivunia kuliko dhahabu yoyote: hapakuwa na mtu aliyewahi kufia kwenye duara lake. Kila jioni kabla ya kufunga alisimama pale mdomoni, akaita kila mchimbaji kwa jina, na kila mmoja alitakiwa aitike akiwa amesimama juu, miguu juu ya udongo. Asiyeitika, kazi ya siku haijaisha. Wageni walimcheka, wakasema bibi anaita watu kama mwalimu wa shule ya msingi. Waliokaa naye hawakucheka.

Masika moja mvua ilinyesha kupita kiasi. Duara lilikuwa limetegemezwa vizuri kwa magogo, na wakaguzi waliokuja baadaye walisema hivyo hivyo. Lakini maji yalikuwa yamepenya mbali, kwenye mwamba wasiouona, na asubuhi moja ukuta wa chini ukaachia. Sostenes, msimamizi wa kazi, alitoka. Wawili nyuma yake wakatoka, wamevutwa na Sostenes kutoka juu na kusukumwa na Wilbard kutoka chini. Wilbard mwenyewe hakutoka.

Walichimba kutwa nzima, kilima kizima kikaacha kazi zake kikaja kuchimba. Zipora alisimama mdomoni akiita, "Wilbard! Wilbard!" mpaka sauti ikakauka. Walipomfikia alikuwa amekwisha kufa.

Msibani Zipora alisimama wima kama nguzo. Alipokea wageni, akasimamia vyungu, akamshika Justa kaburini asianguke. Watu wakamsifu. "Shangazi ni chuma," walisema, naye akaliamini neno hilo, akaliweka moyoni.

Chuma kilianza kupinda matanga yalipokwisha. Kwanza usingizi ulikimbia. Kisha chakula kikakosa ladha, ugali ukawa kama anatafuna majivu. Mlango ukijibamiza kwa upepo, moyo wake ulidunda hadi akashika ukuta. Duara alilifunga. Shamba la mpunga likaota magugu, na yeye aliyekuwa akiamka kabla ya jogoo akawa anakaa kwenye kigoda kutwa, kitenge kile kile, macho mekundu kwa kukesha. Alikwenda zahanati akapimwa malaria, akapimwa presha, akapewa dawa za presha. Alikunywa. Usingizi haukurudi.

Halafu ikaja hii ya jioni. Jua likianza kuzama Zipora alikuwa akijikuta amesimama nyuma ya nyumba, anaita majina. Sostenes. Fulani. Fulani. Na mwisho, Wilbard. Mara ya kwanza alistuka kusikia sauti yake mwenyewe. Akaapa hatarudia. Kesho yake akarudia.

Majirani walisikia, na ukiwa mwanamke mzee katika vijiji vyetu, mjane, mwenye macho mekundu, jambo hilo si dogo. Wapo wanaoamini kwamba mchawi anaweza kumficha mtu, watu wakazika mgomba wakidhani wamezika maiti, na yule mtu akafanywa msukule wa kulima mashamba ya mchawi. Sasa hapa kuna bibi anamwita marehemu kila jioni, kwa jina, kama mtu anayemwita mfanyakazi wake. Kisimani wanawake wakawa wananyamaza akifika. Mama mmoja alimvuta mwanawe mkono asimwamkie. Na Justa, wifi yake, ambaye haikupita siku bila yeye kubisha hodi, akaacha kuja.

Binti yake, Nelly, alifunga safari kutoka Isaka alikoolewa. Alipomwona mama yake alilia.

"Mama, twende ukakae kwangu. Utapumzika."

"Nikiondoka leo," Zipora alimjibu, "kesho watasema nimekimbia na msukule wangu. Siondoki."

Aliyemfungulia njia ni Sostenes. Alikuja mchana mmoja, mtu mzima mwenye ndevu za mvi, akakaa chini kabisa kwenye mchanga ingawa kigoda kingine kilikuwepo.

"Shangazi, nina neno. Tangu siku ile mimi sikuwa mzima. Nilikuwa nikiona shimo, natetemeka. Hata shimo la choo lilinishinda. Nilikuwa najisaidia porini kama mbwa."

Zipora alimtazama. Hakuwahi kufikiri kwamba kuna mwingine.

"Ukaenda kwa mganga gani?"

"Hospitali. Kahama. Kuna kliniki ya afya ya akili."

"Ya vichaa?"

"Kwani mimi ni kichaa, Shangazi?"

Zipora alimpima kwa macho kuanzia kandambili mpaka kofia. "Kidogo," akasema.

Wakacheka. Kicheko kilimtoka Zipora kwa maumivu, kama kikohozi kilichokaa muda mrefu kifuani. Ndipo akajua kwamba tangu mazishi hakuwa amecheka hata mara moja.

"Siku hizi naingia chooni," Sostenes alisema akijifuta machozi, "na duara nitalishuka. Nenda, Shangazi. Wanasikiliza wale."

Zipora alimwambia atafikiri. Kufikiri huko kungeweza kumchukua mwaka, maana chuma hakipendi kupelekwa kwa fundi. Lakini wiki ile ile alikuja Mzee Mwigulu, binamu yake, mkubwa wa ukoo, mfugaji mwenye fimbo iliyong'aa kwa kushikwa. Alikataa kukaa.

"Zipora, Jumapili ukoo unakutana. Tumeona tumwite mtaalamu aje atazame."

"Atazame nini?"

"Atazame kinachoendelea hapa." Alisema hivyo akiangalia ng'ombe wa watu waliokuwa wakipita njiani.

Zipora alijua. Alikumbuka bibi mmoja wa kijiji cha pili, aliyepigiwa ramli miaka mingi nyuma, na nyumba yake ambayo hadi leo ni kichuguu cha udongo na miiba. Mzee Mwigulu alipoondoka, kichwani mwa Zipora, kwa mara ya kwanza baada ya miezi, mambo yalikaa sawa. Alichota maji akaoga. Akavaa kitenge kipya na viatu vya kanisani. Kisha hakwenda kituo cha basi. Alikwenda kwa Justa.

Justa alikuwa uani anapepeta choroko. Alimwona, ungo ukasimama, lakini yeye hakuinuka.

"Mwadila, wifi," Zipora alimsalimu.

Justa aliitikia kwa sauti ya chini.

"Umesikia wanayosema juu yangu?"

"Nimesikia."

"Unayaamini?"

Justa aliweka ungo chini. "Sijui niamini nini, wifi. Nakusikia jioni unamwita mwanangu. Kama yupo, nakuomba nimwone. Hata nusu saa. Sitasema kwa mtu."

Hapo Zipora alikaa chini, palepale kwenye maganda ya choroko, na kitenge chake kipya. Alikuwa amejiandaa kwa matusi. Kwa hili hakuwa amejiandaa.

"Hayupo, mayu, mama yangu," alisema. "Tulimzika mimi na wewe. Wewe ulimfunika uso kwa mkono wako. Mdomo wangu ndio haujakubali. Kila jioni unamwita wenyewe, na mimi nausikia kama wewe unavyousikia, na unaniogopesha kama unavyokuogopesha. Naumwa, wifi. Kesho naenda hospitali Kahama. Twende wote. Nikiwa mchawi, daktari atakwambia hana dawa yangu."

Justa alichezea choroko kwa kidole. Kisha akauliza basi linaondoka saa ngapi.

Hospitalini kijana wa mapokezi aliwaelekeza dirisha la wazee. Zipora akanuna. "Nani mzee?" Akataka kupanga foleni ya watu wote, na Justa, ambaye magoti yalikuwa yanamuuma, akamvuta kwa mkono: "Wewe kama si mzee, mimi ni mzee. Nisindikize." Ndivyo walivyofika mbele ya muuguzi wa kliniki ile, mama wa makamo aliyeitwa Violeth, mwenye sauti ya taratibu na mazoea ya kusogeza kiti chake karibu.

Violeth aliamkia, akaitikiwa marahaba, kisha akauliza na kukaa kimya. Zipora alizoea watu wa hospitali wanaouliza huku wanaandika. Huyu kalamu aliiweka kando. Zipora akaanza na usingizi, akapita kwenye ugali wa majivu, akafika kwenye majina ya jioni, akasimama. Halafu akasema jambo ambalo hata Justa hakulijua: kwamba kuna asubuhi alizoamka akasikitika kuwa ameamka.

"Ulifikiria kujidhuru, mama?"

"Nilifikiria kulala tu moja kwa moja. Nikaona Nelly ataumia."

"Asante kwa kuniambia," Violeth alisema, na alisema kama mtu aliyepewa kitu cha thamani. Akampima, akamwuliza maswali ya kumbukumbu, leo ni siku gani, mvua za mwisho zilinyesha lini, akaagiza damu ichunguzwe. Daktari akaja, naye akamsikiliza. Kisha wakamweleza: uzee haujamharibu akili, na hakuna mtu aliyemroga. Aliumizwa na siku ile kama Sostenes alivyoumizwa. Kiwewe kimeingia, na juu yake sonona.

"Sonona," Zipora alirudia. Hakuwahi kulisikia neno hilo. "Kumbe lina jina."

"Lina jina na lina tiba. Tatizo watu wa umri wako hawaji. Wanasema ni uzee, au wanasema wamerogwa, wanafia nyumbani na huzuni zao. Wewe nani kakuleta?"

"Nimejileta."

Violeth aligeuka kwa Justa, aliyekuwa amekaa pembeni na mkoba mapajani. "Na wewe, mama? Wewe unalala?"

Justa alifungua mdomo ajibu kwamba yeye ni msindikizaji. Badala yake alilia pale, kwa sauti, kilio ambacho hata makaburini hakukilia, na Zipora akahama kiti chake akaenda kumshika.

Jumapili ukoo ulikutana uani kwa Mzee Mwigulu. Zipora alikaa mbele, mgongo umenyooka. Mzee Mwigulu alisema aliyokusudia kusema: kwamba kuna maneno, kwamba maneno yasipochunguzwa huzaa damu, kwamba mtaalamu yuko tayari kuja. Watu wakaguna kukubali. Ndipo Justa akasimama. Katika ukoo ule, ambako aliolewa akiwa msichana na kufiwa na mume kabla hajazoea, hakuwahi kusimama mkutanoni.

"Mwenye mtoto ni mimi," alisema. "Aliyebeba mimba ya Wilbard ni mimi, na aliyemfunika uso ni mimi. Kama kuna wa kudai, ni mimi. Mimi sidai. Nimekwenda na wifi yangu hospitali, nimesikia kwa masikio yangu. Anaumwa huzuni. Na mimi naumwa hiyo hiyo, nimepewa tarehe ya kurudi. Anayetaka kumpigia ramli Zipora, anipigie na mimi, tukae wote kwenye mkeka mmoja."

Hakuna aliyeguna. Sostenes, ambaye hakuwa wa ukoo ule ila alikuja akasimama karibu na uzio, akapaza sauti kwamba na yeye mkeka huo wamwachie nafasi. Mtu akacheka, mwingine akacheka, na lile jambo likakosa pa kusimama. Mzee Mwigulu alipiga fimbo chini akasema basi, mkutano umekwisha. Hakumuaga Zipora.

Nisikudanganye kwamba minong'ono yote ilikufa siku ile. Wapo waliobaki nayo. Wala Zipora hakupona kama anayevua nguo. Wiki za kwanza dawa zilimpa kizunguzungu, akataka kuzitupa chooni, na Justa ndiye aliyekuwa anakuja asubuhi kusimama juu yake mpaka ameze. Kliniki, Violeth alimfundisha kuisimulia ile siku tangu mwanzo mpaka mwisho, bila kuruka. Mara ya kwanza alifika kwenye mvua tu, akashindwa. Safari nyingine akafika kwenye kamba. Ilipita miezi kabla hajafika mwisho, na alipofika alikuta kwamba mwisho una mambo aliyokuwa ameyasahau: kilima kizima kilichoacha kazi zake kikaja kuchimba, na wale wawili walio hai kwa sababu ya mikono ya Wilbard. Usingizi ulirudi kidogo kidogo. Ugali ukarudi kuwa ugali.

Alilifungua duara kiangazi kilichofuata, baada ya kuchimbwa upya upande wenye mwamba mzima. Sostenes alikuwa wa kwanza kushuka. Jioni Zipora alisimama mdomoni akaita majina, na alipofika mahali ambapo lilikuwepo jina la Wilbard, alikaa kimya kidogo kwa kukusudia, na wanaume wakavua kofia. Hakuna aliyeogopa. Akaweka na sheria yake mpya, aliyoisema mbele ya kila mgeni wa kazi: "Hapa mtu akitetemeka hachekwi. Mimi mwenyewe nakunywa dawa za huzuni, na mnaniona nilivyo." Walimwona. Kilima kikaanza kumtaja kwa hilo kama kilivyokuwa kinamtaja kwa leseni. Mama mmoja aliyepoteza watoto wake alikuja kumwuliza njia ya Kahama. Akaja Asteria, mtengeneza vyungu, aliyekuwa haongei tangu nyumba yake iungue. Zipora hakuwaelekeza njia. Aliwapeleka, na kwenye dirisha la wazee sasa alitangulia yeye, kifua mbele.

Aliyemshangaza alikuja mwisho. Ilikuwa mchana, Zipora anachambua mchele, Mzee Mwigulu akatokea bila fimbo yake. Safari hii alikaa. Alizungumzia malisho. Akazungumzia bei mbaya ya pamba. Zipora akamwacha aseme, maana kwa Violeth alijifunza kungoja.

"Tangu mke wangu aondoke duniani," hatimaye mzee alisema, "naingia zizini nawatazama ng'ombe, nalia. Mtu mzima. Watoto wananiona." Akakuna goti. "Mwanzo nilidhani ni macho."

Zipora angeweza kumkumbusha Jumapili ile. Neno lilimfika hadi kwenye meno, lenye haki yake yote. Aliutazama uso wa binamu yake, ulivyosinyaa, shati lililofungwa vifungo vibaya, na lile neno likayeyuka.

"Siyo macho," alisema. "Alhamisi tunakwenda, mimi na Justa. Saa kumi na mbili uwe hapa. Vaa viatu, siyo kandambili."

"Watu watasema."

"Wakisema, uwaambie umefuatana na Zipora."

Alhamisi mzee alifika kabla ya jua, amevaa koti zito ambalo halikuhitajika. Njiani hakuongea. Hospitalini alisitasita mlangoni, na Violeth akatoka mwenyewe kumpokea, akamwamkia shikamoo, akamsogezea kiti. Mlango ukafungwa. Zipora na Justa wakakaa kwenye benchi la nje, bega kwa bega, wakigawana kitumbua.

Kwa muda hawakusikia kitu. Kisha sauti nzito ya Mzee Mwigulu ikaanza, ikakwama, ikaanza tena, na safari hii haikusimama.

"Anaongea," Justa alinong'ona.

"Aongee," Zipora alisema, akijipangusa mafuta ya kitumbua vidoleni. Akanyoosha mgongo, akaegemea ukuta, na kila aliyepita koridoni pale akamwona mama mtu mzima mwenye kitenge kizuri, amekaa kama mwenyeji wa mahali pale.